Kisima cha Tano

Mimi ndiye niliyeandika orodha ya visima, kwa hiyo asinisumbue mtu na maneno ya ajali. Hapa Mbulumbulu watu husema ajali wanapoogopa kutaja jina. Jina ni langu, Dorkasi, katibu wa kamati ya maji.

Kisima chetu kirefu kilikuwa kimebaki kutoa ndoo chache kwa siku, ndipo akaletwa injinia Raphaeli na pampu yake ya kupasua mwamba kwa maji. Alinieleza polepole, kama mtu anayejua kwamba lawama zitamrudia yeye. "Mama, mwamba huu una nyufa zake za tangu zamani. Nikisukuma maji kwa nguvu, napasua ufa mpya. Lakini ule mpya ukikutana na wa zamani, unaweza kuacha njia yake ukafuata huo, na mimi siwezi kujua utatokea wapi. Niandikie kila kisima kilicho karibu, na siku hiyo asiwepo mtu ndani."

Niliandika vinne. Cha tano, cha Clemensi, sikukiandika. Mtoto wake alikuwa amefariki na nyumba yake ilikuwa kwenye metimani, ule mwiko wetu sisi Wairaqw. Nyumba yenye metimani haiendewi wala haisemeshwi mpaka wazee waifungue, na wenyewe hawavuki mpaka wa shamba lao wala hawagusi maji ya wote. Jumapili tunaimba kanisani, siku nyingine tunashika ya mababu. Ningekiandika, ingebidi mtu aende kumwonya Clemensi, na mtu huyo angekuwa mimi. Nikajipa moyo kwamba labda siku hiyo hatachimba. Uongo mtupu. Kisima cha wote amekatazwa, kiangazi kimekaza, angefanya nini kama si kuchimba chake?

Saa nne asubuhi pampu ikawashwa. Ardhi ilitetemeka mpaka nikasikia kwenye meno. Mshale wa geji inayopima nguvu ya maji ulipanda, ukapanda tena, halafu ukaanguka ghafla. Raphaeli akatabasamu. "Tumekutana na ufa wa zamani," alisema. "Maji yanaufuata." Akazungusha valvu, akaongeza nguvu.

Nilitazama upande wa nyumba ya Clemensi nikamwona mkewe, Sabina, akija mbio, kichwa wazi, anapiga kelele ambazo injini ilizimeza. Watu wakageuza migongo. Ndivyo anavyofanyiwa mtu wa metimani.

"Yule mama anataka nini?" Raphaeli aliuliza.

"Ana msiba," nikajibu. Nilisema hivyo kwa mdomo huu huu, huku najua mumewe yuko wapi.

Sabina alifika mpakani akavuka. Mzee Josephati, mwenyekiti wetu, akanyoosha fimbo, na wanaume wakajipanga mbele yake, mume wangu Julius akiwemo. Sabina akaokota jiwe akaipiga pampu. La pili lilimchana Raphaeli sikio. Hapo fimbo zikamshukia Sabina. Zilimpiga mabegani, mgongoni, kwenye vidole alivyojikingia. Ya Josephati ilimpasua paji la uso, damu ikamjaa machoni, na bado alikuwa anasogea kwa magoti.

"Clemensi yuko chini," alisema. "Ukuta umepasuka. Zimeni."

Nilimsukuma Josephati akaanguka chali, nikamkanyaga kupita, nikaizima injini. Halafu nikakimbia na kamba. Sabina alinifuata, na Raphaeli, kwa sababu yeye ni mgeni, mwiko haumshiki. Wengine wote waliishia mpakani.

Walinishusha kisimani wao wawili. Ufa ulikuwa umefunguka ukutani, mpana kuliko paja langu, unatapika maji na mawe. Jiwe moja lilinipiga mbavu nikakosa pumzi. Maji ya tope yalinifika kifuani, nikapapasa humo nikiomba nisiguse kitu. Niligusa shati, kisha bega, kisha kichwa. Nyuma ya kichwa vidole vyangu vilizama mahali palipotakiwa kuwa na mfupa. Nilimfunga kamba kwapani huku natapika.

Tulimlaza juu ya udongo aliouchimba mwenyewe. Raphaeli alitoa karatasi yangu mfukoni, akaitazama, akanitazama. "Mama, uliniandikia vinne," alisema. Akaitupa, akakimbia kuleta gari, kana kwamba kuna daktari wa kumtibu mtu wa namna ile.

Sabina hakulia. Alijifuta damu kwa kiganja. "Nani aliyehesabu?"

"Mimi. Nilijua anachimba."

Alichukua jembe la mumewe, akaligeuza, akanipiga kwa mpini. Pigo la kwanza lilinivunja mkono, nilisikia mfupa ukilia. La pili liliniangusha juu ya miguu ya Clemensi. Sikujikinga, nilistahili, lakini mwili hauna adabu, ukaanza kupiga mayowe wenyewe. Alinipiga magoti, akanipiga mdomo, meno mawili yakatoka na damu.

Nikamwita Julius. Mume wangu wa miaka kumi na tisa alikuwa amesimama na wenzake pale mpakani, hatua thelathini hivi. Nilimwita kwa jina, mara tatu. Alinisikia vizuri, maana injini ilikuwa imezimwa. Hakuvuka.