Mgonjwa wa Kwanza wa Lusungu

"Soma yote," alisema Mzee Ambilikile. "Usiruke mstari, mchumba."

Alimwita hivyo tangu utotoni, kwa utani wa babu na mjukuu, lakini leo hakucheka. Lusungu alishika simu kwa mikono miwili. Mbele yao kakao ilikuwa imeanikwa juani, na baba yake mdogo, Andongwisye, aliigeuza kwa reki huku ametega sikio. Ndiye aliyeiona blogu ya Lusungu na kukimbilia kwa mzee: mtoto wa chuo cha udaktari amemwanika marehemu baba yake mtandaoni.

"Dokta wa kwenye simu," alisema Andongwisye. "Hata sindano hajashika, keshaanza kutangaza wagonjwa."

"Nikimaliza, babu, ukisema nifute, nitafuta."

Ilikuwa ahadi nzito. Blogu aliianza wiki zake za kwanza chuoni, kwa sababu sauti ya baba ilikuwa imeanza kumpotea. Mwalimu aliwafundisha kuandika maelezo kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, si ya waliomleta. Jioni hiyo Lusungu akaandika yote aliyoyasikia nyumbani baba alipougua, yeye akiwa darasa la saba, na juu yake akaweka kichwa: Mgonjwa wangu wa kwanza.

Nyuma ya ukuta wa mianzi wa jiko, sufuria ziliacha kugongana. Mama yake, Felista, alikuwa humo. Kwa mila ya Wanyakyusa, mwanamke hamsogelei baba wa mumewe wala hasemi naye; akimwona anakuja hujitanda kanga na kupita kando. Siku hizi wengi wameacha. Felista hakuacha, hata watu walipomwambia mzee kwamba mkwewe ndiye aliyemfungia mumewe, Hezroni, ndani, akiwa mgonjwa, mpaka akazidiwa. Mzee alikuwa ng'ambo, Malawi, kwenye msiba wa dada yake. Aliporudi alikuta jeneza. Tangu hapo hakumtumia mkwewe hata salamu, naye Felista hakuwa na mdomo wa kujitetea.

Lusungu akasoma.

"'Baba alianza kuumwa kwenye kitovu. Kesho yake maumivu yakashuka upande wa kulia. Mama akaita bodaboda. Baba akamrudisha dereva, akasema mpunga ukilala majini tutakula nini. Mama alipoita tena, baba aliingia chumbani akaweka komeo. Mama alisimama mlangoni akimbembeleza, na hapo ndipo majirani walipomwona.'"

Reki ilisimama.

"Komeo la wapi?" aliuliza mzee.

"La ndani, babu. Mlango ule hauna komeo la nje."

"Endelea."

"'Mchana baba alifungua mwenyewe, anacheka. Mnaona? alisema. Limepoa. Mama hakucheka. Alimpandisha kwenye pikipiki kwa nguvu. Mwaka huu nimejifunza kwamba kidole tumbo kikipasuka, maumivu yanaweza kutulia kidogo. Walifika hospitali, lakini usaha ulikuwa umeshaenea tumboni.'"

"Basi. Imeishia hapo. Nifute?"

Mzee Ambilikile aliokota punje moja ya kakao, akaipasua kwa kucha, akainusa.

"Hezroni alikuwa mbishi," mzee alisema mwishowe. "Alipokuwa mdogo alivunjika mkono akanificha siku nzima. Anakula kwa kushoto, nikimuuliza, eti anajifunza. Mbona hilo hujaandika?"

"Sikulijua, babu."

"Liandike. Usifute kitu, ongeza." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe, hili la komeo ulilijua?"

"Baba, mimi nilisikia tu kwa watu..."

"Geuza kakao."

Jikoni mtu alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kisha kikazibwa na kanga. Andongwisye aliinama juu ya reki yake. Lusungu alihisi mabega yakimshuka, kama mtu aliyetua ndoo.

Mzee hakugeuza kichwa. Aliendelea kutazama kakao, lakini alipaza sauti ili ipenye mianzi.

"Ndaga, mwanangu," alisema. Asante. Kisha akakohoa, akarudia: "Ndaga fijo." Asante sana.

Chini ya ukuta, mahali mianzi isipofika ardhini, ilionekana miguu ya Felista, myeupe kwa majivu. Kwa desturi ingekuwa imeshaondoka. Ilibaki pale pale, na kidole gumba kimoja kikawa kinachorachora kwenye majivu, polepole.