Kichwa Nusu

Bi Kidawa wa nyumba ya pili anadai kwamba shemeji yake aliwahi kulala siku tisa kwenye mashine ya kupumulia, madaktari wakasema ubongo umekwisha, na alipoamka akawataja kwa majina wote walioiulizia baiskeli yake wakidhani harudi. Alikuwa kwenye mji wa watu wasio na sura, anasema Bi Kidawa, akarudi kwa sababu mkewe alimfuata kumwita. Siwema amekuja na maneno hayo hadi kwenye benchi nje ya wodi, mchana wa jua kali, na karatasi ya daktari iko mapajani, haijatiwa sahihi. Daktari amesema taratibu, kama anaongea na mtoto: ubongo wa dada yako umekufa, mashine ndiyo inayopumua, ukikubali tutaizima. Siwema ni msusi, aliishia darasa la saba, ubongo hajawahi kuuona, lakini kichwa cha Mwanaisha anakijua kwa vidole. Jumanne alikuwa anakisuka, wakagombana kwa jambo dogo, akakiacha nusu, akamwambia nenda hivyohivyo. Kwao mtu hatoki nje na kichwa nusu. Mwanaisha akajitanda kanga akatoka, na pikipiki ikamgonga kabla hajafika dukani. Hospitali wakanyoa upande uliosukwa.

Macho yanamwia mazito, ukuta wa wodi unalegea, na Siwema anapita ndani yake. Barabara ni nyembamba, nyeupe, imepasuliwa katikati ya nyasi nyeusi kama njia ya kichwani, inanuka mafuta ya nazi, inapinda na kurudi palepale, na palepale pamegeuka mji wa vioo, na kila kioo kina Siwema aliyempa mgongo. Wanawake wamekaa kwenye vigoda, nyuso zao tupu kama viganja. Amekuja, anasema mmoja, yule anayeacha watu nusu. Wenzake wanacheka bila midomo. Namtafuta dada yangu, anasema Siwema. Dada yako tumemfumua. Haya, msusi, tuambie: ukifumua msuko, nywele zote zikabaki, msuko wenyewe umekwenda wapi? Siwema anafikiri, maana hiyo ndiyo kazi yake na hakuna aliyewahi kumuuliza. Haujaenda popote, anasema, haupo tu. Anasikia alichokisema, na barabara inayumba chini ya miguu. Basi umeshatia sahihi, anasema asiye na sura. Bado, anasema Siwema, msuko niliousuka naweza kuusuka tena, vidole vinaukumbuka. Kwa nywele zipi, mama? Wanamzomea, wanamrushia vitana, toka hapa, mchafu wewe, naye anakimbia barabara ileile inayorudi, mpaka anamkuta Mwanaisha amekaa chini, amempa mgongo, kichwa nusu. Siwema anapiga magoti, anasuka. Vidole havigusi hata unywele, lakini msuko unashuka, wa kwanza, wa pili, umekaza sawasawa. Unaniumiza wewe, anasema Mwanaisha, unataka kuniua? Ni sauti ileile ya Jumanne, yenye hasira ileile, na Siwema hajapata kusikia kitu kitamu kama hicho. Geuka nikuone, anamwambia. Mwanaisha anageuka, na mbele nako ni kisogo.

We dada, amka, daktari anaingoja karatasi. Ni nesi, barakoa imempanda hadi kwenye miwani, na miwani imejaa mwanga wa dirisha, Siwema haoni jicho hata moja. Anamfuata ndani. Mashine inapandisha pumzi, inashusha. Upande ule ambao hawakuunyoa, ambao Jumanne aliuacha timtim, una misuko miwili. Hakumbuki kama aliisuka asubuhi alipoletwa kuaga, au lini. Nesi anamnyooshea kalamu. Siwema haipokei. Anaushika msuko wa pili, anauvuta kidogo, halafu anauvuta kwa nguvu.

Dada, anasema, niambie nakuumiza.

Mashine inapandisha, inashusha.