Wageni wa Bibi

Wodi nzima ilishamjua bibi wa kitanda cha dirishani kwa kuhubiri usafi. Jikoni kwake mkwewe hakanyagi, alijigamba, maana mikono ya binti yule haiaminiki. Chakula cha wajukuu anakipika mwenyewe, anakiponda kwa vidole vyake na kuwalisha.

Asubuhi hiyo muuguzi alirudi na majibu ya choo, akamwinamia na kusema taratibu, "Bibi, una wageni."

"Kama ni mkwe wangu, mwambie anawe mikono kwanza."

"Wa tumboni, bibi. Minyoo."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akajitia kukohoa. Mkwe mwenyewe alikuwa kasimama mlangoni na chupa ya uji, na yote kayasikia.

Muuguzi akamgeukia. "Watoto nao waje wapimwe. Nyumbani nani anapika?"

Bibi akazificha kucha zake ndefu chini ya shuka, akangoja kuumbuliwa.

"Ni mimi," mkwe akajibu.

"Basi dada, jifunze kunawa mikono."

Yalikuwa maneno ya bibi yaleyale, ya kila siku. Bibi akayasikia mpaka mwisho, kucha zake zikiwa bado chini ya shuka.