Chini ya Kizingiti

Tangu surua iue watoto wanne mwezi mmoja, mwaka ule wa 1936, Manase hakutulia. Yeye ndiye aliyekuwa mzee wa kanisa, na washarika walikuwa wakimnong'oneza kwamba kuna mkono wa mtu. Mkono wenyewe, walisema, ni wa Hulda, yule mjane wa bondeni.

Basi Manase akaenda kwa mguu hadi Makambako kwa mganga, akarudi na zindiko: kipembe kilichofungwa kitambaa cheusi. Akakifukia kwa siri chini ya kizingiti cha kanisa.

"Mwenye roho chafu hatavuka hapo," mganga alikuwa amemwambia.

Jumapili ya Meza ya Bwana akasimama mlangoni, jasho likimtoka katika baridi ile ya Julai. Watu waliingia, wala hakuwaona. Macho yake yalimtafuta Hulda tu. Huyo hapo, anajikongoja na fimbo yake! Alipofika kizingitini, bibi akasita. Moyo wa Manase ukamwenda mbio. Amekwama!

"Mwanangu, nishike mkono," Hulda akasema. "Magoti yameniishia nguvu."

Akamshika. Bibi akavuka, akashukuru, akaenda kuketi na wanawake wenzake, akaanza kuimba.

Kengele ikalia. "Mzee Manase," mchungaji akaita kutoka madhabahuni, "ingia, tunakungoja wewe tu."

Manase akainua mguu. Akautazama ule udongo mbichi alioufukua kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaushusha mguu palepale, nje.