Kivuli cha Odin

Jumamosi asubuhi, mwezi wa pili, Arlys Knutsvig alimkimbiza Odin uani, juu ya theluji iliyoshindiliwa, ili jirani yake Duane Pelkonen auone mwendo wake. Odin, dume la Jemani Shepadi, alikimbia kwa madaha kama mtu anayejua anapigwa picha. Majira hayo jua la Minnesota halipandi juu, kwa hiyo kivuli chake kilikuwa kirefu. Kilikuwa pia kikichechemea. Mguu wa nyuma wa kushoto kilikuwa kikiuburuta.

Duane alipuliza kahawa yake kwanza.

"Kivuli chako kinachechemea, Arlys."

"Changu?"

"Cha mbwa."

"Aa, hicho. Tangu Januari. Mwenyewe hana neno, mtazame."

"Namtazama. Namtazama na mwenzake."

Januari ndipo Odin alipopigwa eksirei ya nyonga. Picha zilipelekwa kwa wasomaji wa sajili ya wafugaji, nao wakajibu kwamba vichwa vya mifupa ya mapaja havikai vizuri kwenye vikombe vyake. Majibu mazuri sajili huyatangaza yenyewe. Majibu mabaya hayatangazwi mpaka mwenye mbwa atie sahihi ya ruhusa. Arlys aliacha nafasi hiyo wazi, kama wafanyavyo wafugaji wengi wa upande ule, akaenda kupika chapati za maji. Kesho yake kivuli kikaamka kinachechemea.

Duane alikuwa anataka mtoto wa Odin. Tuuli, jike wake wa mwisho, aliyemnunua kwa Arlys, alikuwa wa ukoo huohuo, dada yake Odin wa uzao uliotangulia. Alipofika miaka mitatu hakuweza tena kupanda kwenye pikapu. Duane akawa anambeba kila asubuhi, mpaka asubuhi moja akambeba kwenda kwa daktari wa mifugo na kurudi na ukanda wake wa shingoni tu.

"Tia sahihi, Arlys," alisema sasa. "Watu wasome, kisha wachague wenyewe."

"Watachagua kwa mwingine. Huyu, kwa ada za kupandisha, ndiye aliyeweka bati jipya juu ya kichwa changu, ujue."

"Tuuli naye alichangia hilo bati."

Arlys alitazama theluji.

"Nimeoka mkate wa ndizi," alisema.

Duane alikula vipande viwili. Alikuwa amekasirika, lakini hakuwa mjinga.

Mwezi wa nne chama cha wafugaji kilikutana kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, kila mtu na bakuli lake la viazi na nyama ya kusaga. Kufikia wakati huo vivuli vya mbwa wa nusu ya wanachama vilikuwa vinachechemea, na kimoja kilikuwa kinazimia kila kikipanda ngazi. Duane alisimama akapendekeza kwamba majibu yote ya vipimo, mazuri na mabaya, yatangazwe. Lyle Brandvold, mwenyekiti, aliuliza nani anamuunga mkono. Vikasikika vijiko tu.

"Usinune, Pelkonen," Lyle alisema. "Kwani kivuli kimemuuma nani?"

Kisha Lyle mwenyewe akapendekeza maonyesho ya mwaka huo yasifanyike uwanjani bali ndani ya ukumbi wa hoki, ambako taa ziko juu kabisa na kivuli hukaa chini ya tumbo la mwenyewe bila kusumbua watu. Hilo lilipita. Odin akashinda utepe wa bluu.

Watoto wake walizaliwa mwezi wa sita. Wanunuzi wa kutoka Minneapolis waliambiwa waje saa sita mchana, wasichelewe. Duane aliambiwa aje muda wowote atakaopenda, na hapo Arlys alijiona ametenda haki.

Duane alikwenda jua likishuka. Watoto walikuwa wanayumba kwenye nyasi, wanene, wachangamfu. Vivuli vyao vilijikokota nyuma yao kama vizee.

"Chagua," Arlys alisema.

"Hakuna cha kuchagua hapa, mama."

"Basi usichukue. Nani kakulazimisha?"

Mmoja alikuwa amelala juu ya kiatu cha Duane. Nyumbani kwake hapakuwa na sauti nyingine ila ya friji.

"Na sahihi?" aliuliza, akimwokota.

"Msimu huu uishe kwanza."

Msimu ule uliisha, na uliofuata. Mbwa alipotimiza miaka miwili Duane alimpeleka akapigwa eksirei. Majibu yalikuwa mabaya. Alitia sahihi siku hiyohiyo, na mpaka leo yeyote anaweza kuyasoma. Jina la baba limeandikwa pale, na mbele yake, kwenye safu ya nyonga, hakuna kitu. Wiki ile Arlys alikutana naye dukani, akamuuliza hali ya goti lake, wakacheka kidogo kuhusu uzee. Odin alikuwa na majike wa kuwapandisha mpaka masika.

Asubuhi Duane na mbwa wake hutembea mpaka kwenye sanduku la barua, mwisho wa barabara ya kokoto. Katikati ya njia kivuli cha mbwa huchoka, kikalala. Mbwa, ambaye bado haumwi, husimama kando yake, akakinusa, akangoja kiamke. Duane naye husimama, mikono mifukoni, akiwangoja wote wawili.