Maji ya Mgeni

Mashine yangu haikukosea. Naanza na hilo kwa sababu Kikwe nzima wanasema imekosea, mhandisi Gadiel anasema imekosea, na juzi hata muuza chipsi wa hapa Kijenge, mjini Arusha, kaniuliza, "Dada Anande, ile mashine yako ishapona?" Nilimkazia macho mpaka akarudi kugeuza viazi vyake. Mashine haijaumwa. Tunaoumwa ni sisi.

Mimi ni fundi wa vifaa vya elektroniki. Kwetu ni Kikwe, chini ya Mlima Meru, na nikicheka tu utajua, maana meno yangu yana rangi ya chai ya rangi. Nikienda Dar watu wananiuliza navuta sigara gani. Sigara! Maji ya kwetu yana floridi nyingi, madini ambayo huyaoni, huyanusi, wala huyasikii mdomoni. Yakizidi yanachafua meno, na yakizidi sana kwa mtoto anayekua yanapinda mifupa. Ndiyo maana dada yangu Diana aliponiletea binti yake, Nice, nikaona magoti yake yameanza kuachana, moyo ulinilipuka. Tukampeleka hospitali. Daktari akasema mtoto bado mdogo, akibadilishiwa maji sasa hivi miguu inaweza kunyooka. Tukichelewa, basi tena.

"Sasa maji yapi, daktari?" Diana akauliza.

Daktari akaandika kwenye karatasi: maji salama. Jamani! Angeandika tanzanaiti ingekuwa afadhali, tanzanaiti tunajua inapochimbwa.

Bahati ikatujia, au tulidhani ni bahati. Wafadhili fulani walikuwa wameahidi mabomba ya kuleta maji kutoka mlimani hadi Kikwe. Mstari mmoja, mara moja, kisha wanaondoka zao. Kazi ilikuwa kuchagua chemchemi. Kwetu unaweza kukuta chemchemi mbili zimekaa jirani kabisa, moja unampa mtoto, nyingine hupaswi hata kumpa mbuzi, na kwa macho zote zinang'aa. Halafu floridi inapanda na kushuka kufuata msimu, kwa hiyo kupima siku moja ni kujidanganya. Kilichotakiwa ni kifaa cha kupima kila asubuhi, miezi na miezi. Vya kutoka nje, bei yake unacheka kwanza halafu unalia.

Nikatengeneza changu. Nilichukua kontena la plastiki la kubebea chakula, la kibanda cha nyama choma pale Kwa Mrombo, nikalipaka rangi nyeusi ndani lisipitishe mwanga. Upande mmoja taa ndogo, upande wa pili kihisi cha mwanga, katikati kikombe cha maji. Kwenye maji unadondosha dawa nyekundu, na floridi inaifubaza ile rangi. Rangi ikipauka, mwanga unapita kwa wingi, kihisi kinajua hapa mambo ni mabaya, namba inaingia kwenye simu yangu kwa meseji. Mwanzoni kilinisumbua, maana maji ya mlimani ni baridi na dawa ikipigwa na baridi inafanya kazi kwa uvivu. Nikaongeza kipimajoto, nikakiwekea hesabu ya kusahihisha. Nikakilinganisha na maabara ya mjini tena na tena, mpaka vikawa vinakubaliana kama mke na mume waliochoka kugombana. Nilijisikia vizuri, siwezi kudanganya. Usiku nilimwota Nice anakimbia.

Chemchemi iliyopendekezwa iko juu kwenye migomba na kahawa, chini ya korongo, nyuma ya boma la mama mmoja mzee, Bibi Hanna. Kule korongoni hakuna mtandao wala jua la kuchaji betri, kwa hiyo mashine ilikaa barazani kwake. Kazi yake ilikuwa ndogo: kila asubuhi achote maji ya chemchemi, ajaze kikombe, adondoshe dawa, afunge. Siku ya kuiweka, mchungaji aliiombea. Bibi Hanna akaifunika kitambaa cha kufuma, kile cha kwenye makochi, akaipigapiga mgongoni.

"Karibu mgeni wetu," akaiambia mashine. Sote tukacheka.

Nilitaka kushuka korongoni mwenyewe nikachote maji ya kwanza. Akanikatalia katakata.

"Wewe mgeni ushuke kuteka maji, mimi nimekaa? Watu watanionaje?"

Akazunguka nyuma ya nyumba na kidumu, akarudi nacho kimejaa. Tukapima. Namba ikatoka nzuri mno, chini ya kiwango kinachoruhusiwa, na tangu siku hiyo ikawa nzuri kila asubuhi, masika na kiangazi. Mimi si mjinga, niliitilia shaka. Nikaenda kuchukua maji ya kupeleka maabara. Nikakuta Bibi Hanna ameshajaza chupa yangu, ameisuuza kwa maji ya moto, ameiviringisha kwenye kanga. Maabara ikasema vile vile. Basi nikamwambia Gadiel, mhandisi wa mradi, kwamba chemchemi tumeipata, na Gadiel akaagiza mitaro ichimbwe. Watu walichimba kwa mikono, wengine wakiimba. Diana alichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Siku ya kufungua bomba, Nice alivalishwa gauni la Jumapili, akachaguliwa awe wa kwanza kunywa. Akanywa, watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekuja na mashine ya pili, ya akiba, nikataka kuwaonyesha watu namba nzuri kwa macho yao. Nikachota, nikadondosha dawa, nikafunga. Namba ikatoka mbaya, ile ile ya kisima chetu cha zamani.

"Imeharibika hiyo," Gadiel akasema haraka, huku akiangalia wageni.

Nilikuwa na maji ya kuhakikishia, niliyoyachanganya mwenyewe, ninajua floridi yake. Nikapima hayo: sawasawa. Nikapima tena ya bombani: mabaya. Nikarudia: mabaya vile vile. Nice alikuwa ameshajaza kikombe cha pili.

Kesho yake nikapanda kwa Bibi Hanna.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja bila kusema? Sijakuandalia kitu!"

"Bibi, naomba unionyeshe unavyochota maji ya mashine."

Alifurahi kuulizwa. Akachukua kidumu, akazunguka nyuma ya nyumba, nami nikamfuata nikijua njia ya korongo iko huko. Hakwenda korongoni. Alisimama kwenye tangi lililo chini ya bati, lile la kukinga mvua, akafungua koki.

"Bibi, hayo si ya mvua?"

"Ndiyo. Haya ni ya wageni." Akanitazama kama namuuliza jua linatokea wapi. "Ya chemchemi tunakunywa wenyewe, na meno yetu si unayaona? Mchungaji akija ninampa haya. Sasa mashine imetoka mjini, imeombewa, imekaa barazani kwangu, ndiyo niipe yale? Aibu gani hiyo!"

Maji ya mvua hayana floridi.

"Lakini mimi si mwongo," akaendelea, akifunga koki. "Najua kazi yake ni kupima chemchemi. Kwa hiyo kila siku naitilia na ya chemchemi kidogo, kijiko kimoja hivi. Hata ile chupa yako nilifanya hivyo hivyo." Akatabasamu, na meno yake yalikuwa ya kahawia kuliko yangu.

Haki ya Mungu, nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kulipiga lile tangi teke litoboke. Nilisahihisha baridi, nilisahihisha mwanga, nilisahihisha hata betri ikichoka, na kumbe kilichoharibu vipimo vyangu ni heshima ya mama huyu. Utamgombeza nini? Kwamba alitupenda? Nilikaa kwenye ngazi ya baraza, yeye akadhani ni uchovu wa mlima, akaniletea chai.

"Hii ni ya maji gani, bibi?"

"Ya mvua, mwanangu. Wewe si mgeni?" Kisha akanitazama vizuri. "Kwani kuna kosa?"

Mimi ambaye mdomo wangu haujawahi kufungwa na mtu, nikasema, "Hapana, bibi. Hakuna." Nikanywa ile chai mpaka mwisho.

Gadiel nilimweleza yote. Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Akaniuliza kama ninajua mstari wa pili utatoka wapi. Nilijua kwamba hautatoka. Wafadhili walishapiga picha na bomba na kuondoka, na mabomba yalishafukiwa. Jioni hiyo kamati ya maji ya kijiji ilikaa, ikakubaliana kwamba mashine ya akiba ni mbovu. Simlaumu yeyote, lakini nawachukia wote kidogo. Wanawake waliokuwa wakitembea saa nzima kutafuta maji sasa wana bomba mlangoni, na mimi ndiye niwaambie wasifungue? Na nikiwaambia, wanywe nini? Mvua ya Kikwe haijazi hata ndoo za mtaa mmoja.

Diana alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye mapaja, malengelenge yakiwa yamekauka.

"Kwa hiyo ni yale yale," akasema.

"Ni yale yale, dada."

"Na miguu yake?"

Diana akaanza kulia bila sauti, nami nikalia kwa sauti, maana mimi sijui kulia taratibu. Baada ya muda akajifuta uso kwa upindo wa kitenge, akamwita Nice, akampa hela. "Nenda dukani kamletee mama mdogo maji. Katoka mbali."

Alisema bila kufikiri. Ninamjua dada yangu, hakufikiri hata kidogo. Nice akaenda, akarudi na chupa ndogo ya dukani, ya baridi, akanipa kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama alivyofundishwa. Lile goti lilipopinda niligeuza uso. Nikafungua chupa, nikamnyooshea.

"Kunywa wewe, mwanangu."

Akaficha mikono nyuma.

"Hayo ni ya mgeni, mama mdogo."

"Mimi si mgeni. Hapa ni kwetu. Kunywa, Nice, nakuomba."

Akamtazama mama yake. Diana alikuwa ameinamisha kichwa. Nice akatikisa kichwa, akacheka kwa haya, akachukua kikombe chake cha plastiki na kwenda bombani, magoti yakiachana kila hatua. Akakijaza, akanywa chote, kisha akakijaza tena.