Kwa Nini Mnuno Hacheki

Daktari wa meno alikuwa shabiki wa Mchwa, timu ya mji wao, hata kabla hajazaliwa. Mama yake alishikwa na uchungu katikati ya kipindi cha pili, timu ikiwa nyuma bao moja, akakataa katakata kwenda hospitali mpaka wasawazishe. Walisawazisha dakika ya themanini na nane. Daktari akazaliwa saa mbili baadaye, na baba yake akamkatia kadi ya uanachama kabla ya cheti cha kuzaliwa.

Kwa hiyo mwaka ule, akiwa na miaka arobaini na minne na kliniki yake mwenyewe ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, alikuwa akikosa usingizi kama mji mzima. Mkataba wa kocha ulikuwa unaisha mwisho wa msimu. Zilibaki wiki tano, na klabu moja kubwa ya ng'ambo ilikuwa inamtaka. Yeye mwenyewe hasemi. Waandishi wakimuuliza anajibu, "Tuongelee mechi ya Jumamosi," midomo imebanwa kama mtu aliyeuma ndimu. Watu walimwita Mnuno, maana kwa miaka mitatu hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Hata kombe alilibeba kama mtu aliyekabidhiwa ndoo iliyojaa maji akaambiwa asimwage.

Jumapili, familia ilipokutana kwa chakula cha mchana kwa wazazi, kesi ikafunguliwa tena. Baba alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu, na mahakama haikuwahi kumtoka.

"Tuanze na ushahidi," alisema, akisogeza sahani kando. "Mtu kaikuta timu nafasi ya kumi na nne, kaifikisha ya pili. Kachukua kombe. Je, kuna mtu ndani ya nyumba hii amewahi kuona jino lake?"

Hakuna aliyewahi.

"Basi. Mtu asiyecheka na kombe mkononi, moyo wake hauko hapa. Sisi kwake ni mahali pa kupumzikia tu."

"Afadhali tungekuwa pa kupumzikia, baba. Sisi ni ngazi," alisema mdogo wake Daktari, fundi friji, ambaye hakuwa amekula vizuri tangu habari zitoke. "Anatukanyaga apande. Juzi nilikuwa natengeneza friji ya jirani yake. Kaona masanduku barazani kwa Mnuno. Mawili, makubwa."

"Yalikuwa yanaingia au yanatoka?"

"Yalikuwa yamesimama, baba. Hayaingii wala hayatoki."

Mama akagonga kijiko mezani. "Mwacheni mtoto wa watu. Ana kipaji, anataka kufika mbali. Mlitaka azeekee hapa akiwafuta machozi?" Kisha akafikiri kidogo. "Ila akiondoka kabla ya mechi na Korongo, sitamsamehe."

"Huenda ana sababu zake za kutocheka," alisema Daktari. Wote watatu wakamtazama kwa huruma, wakaendelea kula.

Jumanne, saa nne asubuhi, nesi aliingia ofisini kwa Daktari ameshika fomu kwa mikono miwili kama trei ya glasi.

"Daktari, mgonjwa wa saa nne."

"Mwambie aingie."

"Daktari," nesi akanong'ona, "ni yeye."

Mnuno aliingia kofia ikiwa mkononi, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, akasalimia kiganja kikiwa mbele ya mdomo. Daktari alishukuru kwamba kazi yake ni ya kuvaa barakoa, kwa sababu chini ya ile barakoa mdomo wake ulikuwa umeachama. Akawasha taa, akamwomba afungue.

Meno ya mbele yalikuwa yamesongamana kama watu kwenye dirisha la tiketi siku ya fainali. Moja lilikuwa limegeuka upande kabisa, kana kwamba limegombana na wenzake.

"Tangu utotoni," alisema kocha, akijifunika tena. "Shuleni waliniita Uzio. Nikajifunza kufunga mdomo, ikawa mazoea. Sasa nina miaka hamsini na moja, daktari. Nataka kucheka kabla sijafa. Inawezekana?"

"Inawezekana. Tutakufunga nyaya za kunyoosha. Mwaka na nusu, labda miwili, na kila mwezi unakuja nizikaze."

Hapo akasita. Swali lililofuata alikuwa akimuuliza kila mgonjwa wa nyaya, awe mwanafunzi au karani, tena lilikuwa limechapwa kwenye fomu. Haukuwa udaku.

"Je, una mpango wa kuhama mji huu katika miaka miwili ijayo?"

Nesi aliangusha kioo kwenye trei ya vyuma.

Kocha alimgeukia Daktari. "Hilo swali nimeulizwa na waandishi wasiopungua thelathini."

"Wao wanatafuta kichwa cha habari. Mimi nataka kujua kama nitaimaliza kazi yangu. Nyaya hazipendi kubadilishiwa fundi katikati."

Mabega ya Mnuno yakatikisika. Alikuwa anacheka, kiganja kikiwa palepale mdomoni. "Anza, daktari," alisema. "Sihami."

"Samahani kidogo," alisema Daktari, "nikalete vifaa." Akatoka kwa hatua za kawaida mpaka stoo, akafunga mlango, akauma mkono wa koti lake jeupe na kuruka mara tatu. Mara ya tatu kichwa kikagonga rafu, boksi zima la miswaki likammwagikia. Akaokota miwili mitatu, akaacha mingine, akarudi na uso wa mtu aliyetoka mazishini.

Alitakiwa kuchukua umbo la meno. Kazi hiyo hufanywa kwa kujaza mdomo ujiuji mzito unaoganda taratibu, na wakati unaganda mgonjwa hasemi kitu. "Dakika tatu," alimwambia, akikandamiza kibati chenye ujiuji mahali pake. Kocha akaitika kwa kichwa.

Daktari akaitazama saa ya ukutani. Dakika tatu, Mnuno yuko mbele yake, hawezi kukimbia wala kujibu kuhusu mechi ya Jumamosi. Akashindwa kujizuia.

"Kocha, mimi ni Mchwa. Nyumbani kwetu sote ni Mchwa. Baba yangu anasema unatudharau. Mdogo wangu anasema sisi ni ngazi yako ya kupandia. Mama yangu anasema una haki ya kufika mbali, kisha anakwenda kulia jikoni anadhani hatumsikii. Na wote wanasema hivyo kwa sababu hucheki. Mji mzima unausoma uso wako kama gazeti. Na yule winga wa kushoto, kwa nini unamtoa dakika ya sitini kila mechi? Anakimbia kama amefukuzwa na mbwa, wewe unamtoa. Baba ameandika barua mbili kwa uongozi."

Macho ya kocha yalikuwa yakipanuka. Alijaribu kusema, ikatoka sauti kama ya ng'ombe aliye mbali.

"Bado dakika moja," alisema Daktari.

Kibati kilipotoka, Mnuno alisukutua, akatema, akasukutua tena. "Wanadhani nawadharau?"

"Karibu wote."

"Kwa sababu ya meno?"

"Habari za meno hawana. Wanajua unanuna tu."

Ujiuji kidogo ulikuwa umemganda kidevuni. "Winga ana goti bovu," alisema. "Dakika ya sitini linaanza kuvimba. Na wale wa ng'ambo nimewajibu jana. Wana timu iliyokamilika, wanatafuta mtu wa kuilinda. Mimi nina vijana sita niliowatoa timu ya watoto, hata miaka ishirini hawajafika. Nataka siku moja wamfunge bingwa wa bara, nami niwe bado nawafokea. Mtu akiwa na malengo makubwa, watu wanadhani lazima apande ndege." Akajifuta kidevu. "Tutatangaza Alhamisi ya wiki ijayo. Mpaka siku hiyo..."

"Mambo ya mgonjwa hayatoki chumba hiki," alisema Daktari, na nesi akaitikia kama yuko kanisani.

Zilikuwa siku tisa. Daktari hakujua kwamba furaha inaweza kumkaa mtu kooni namna ile. Kazini aliimba huku akitoboa meno, mpaka mzee mmoja akamwomba aimbe baada ya kung'oa, si wakati wa kung'oa. Barabarani aliwasalimia watu asiowajua. Akipita kwenye meza za magazeti na kuona "MNUNO AFUNGA VIRAGO", alilazimika kujifanya anakohoa. Yeye na nesi wakawa hawatazamani, maana wakikutana macho tu wanaangua kicheko, na wagonjwa kwenye benchi wanaanza kujipapasa mashavu kwa wasiwasi.

Nyumbani walimwona mara moja. Mama aliamini amepata mchumba. Daktari hakuwa na mume na hakuwa akitafuta, lakini Mama alianza kumwekea kipande kizuri cha nyama na kumuuliza kwa mbali kama mtu huyo ni mrefu.

Jumapili, mdogo wake alifika na jezi yake ya Mchwa imekunjwa kwapani. "Nimeleta tambara," alisema. "Mama atapigia deki. Mimi siivai tena."

Daktari aliinuka, akamnyang'anya, akaipangusa kana kwamba imeanguka matopeni. "Utaihitaji," alisema.

"Ya nini, dada? Mtu wetu anaondoka." Akamkazia macho. "Na wewe unacheka nini? Wiki nzima unacheka. Mji mzima uko matangani, wewe unaimba. Wanaofurahi siku hizi ni watu wa Korongo tu."

Baba akavaa miwani.

"Mwanangu," alisema taratibu, "simama. Hii ni tuhuma nzito. Je, katika siku za karibuni umewahi kukaa, kula au kuzungumza kwa hiari na watu wa Korongo?"

"Baba, nawang'oa meno. Kila siku."

"Unawang'oa kwa furaha?"

"Kwa ganzi."

"Shahidi ajibu alichoulizwa."

Daktari alihisi maneno yote yamepanda mpaka kwenye ulimi. Neno moja tu, na mdogo wake angekula sahani tatu, na Mama asingelia tena jikoni. Akameza maji glasi nzima, kisha ya Mama. "Nina furaha," alisema. "Basi. Nishitakini."

Baba aliandika kitu kwenye leso ya karatasi, akaikunja na kuitia mfuko wa shati. Mama akaongeza nyama. "Anafanya kazi gani huyo mtu?" akauliza.

Jumatano Mnuno alirudi kufungwa nyaya. Alhamisi Daktari alifunga kliniki mapema, akapanda ngazi za nyumba ya wazazi mbilimbili. Sebuleni televisheni ilikuwa imewashwa, mapazia yamefungwa, na fundi friji amekaa sakafuni akikumbatia mto.

Mnuno alitokea akiwa na mwenyekiti wa klabu. Mwenyekiti alisema maneno mengi kuhusu familia na safari. Mama akashika mkono wa Baba. Kisha kocha akachukua kalamu na kusaini, na mwenyekiti akasema miaka minne.

Hakuna aliyesogea. "Minne ya wapi?" akauliza fundi friji kwa sauti ndogo.

"Ya hapa," alisema Daktari, machozi yakimtiririka.

Wapiga picha wakaomba kocha atazame kamera. Mnuno alitazama, akavuta pumzi, akacheka. Akacheka kweli, mdomo wazi, na mwanga wa kamera ukaziwakia nyaya za meno yake yote kama njumu za dhahabu.

Baba alisimama polepole. Aliitazama televisheni, akamtazama bintiye, akaitazama tena televisheni. "Wewe," alisema.

"Sijasema neno."

"Tangu lini?"

"Siku tisa."

"Siku tisa," alirudia fundi friji, "mimi sili." Lakini alikuwa amekwishaivaa jezi, kinyume, lebo ikimcheza kidevuni, akamnyanyua dada yake juu na kumzungusha mpaka miguu yake ikaangusha redio. Mama alikuwa amekaa chini, hawezi kupumua kwa kicheko. "Kumbe mchumba ni Mnuno," alisema, akaanza upya.

"Winga ana goti," Daktari alikuwa akisema huku akizungushwa, maana kocha alikuwa ameshalitaja hilo mbele ya kamera. "Ni goti tu, baba. Hakuna chuki."

Nje mtaa mzima ulikuwa umetoka. Mtu alipiga sufuria, mwingine pembe ya gari bila kuachia. Baba, ambaye hakuwa amekimbia tangu astaafu, alikimbia na soksi mpaka njia panda, akawa anawaeleza watu asiowajua kwamba binti yake ndiye aliyezifunga zile nyaya, kwa mkono wake, na kwamba alitunza siri kama hakimu. Katikati ya maelezo alisita, uso ukaingia wasiwasi. "Lakini jamani," aliwauliza, "akizoea kucheka, njaa ya ushindi itabaki kweli?" Wakambeba juujuu kabla hajapata jibu.

Daktari alicheza mpaka mbavu zikamuuma. Alimkumbatia mwanamke wa duka la vitambaa, akamkumbatia mzee aliyeng'olewa naye jino wiki ile, na hata kijana mmoja wa Korongo aliyekuwa anapita tu. Walirudi nyumbani jua likizama, wameshikana mikono wanne, sauti zimekauka. Mama alikuwa amepoteza kiatu kimoja mahali fulani, na hakuna aliyetaka kurudi kukitafuta.